Sirk aliujua uchungu wa pendo lililoharamishwa

Kwa miaka mingi nilizidharau sinema za Douglas Sirk. Nilizihesabu kuwa za kuwatoa watu machozi bure: wajane warembo, nyumba za fahari na muziki usiokoma. Wahakiki wengi wa miaka ya hamsini walizibeza vivyo hivyo. Nilipoyasoma maisha yake ndipo nilipong'amua kwamba nilikosea.

Sirk alizaliwa mjini Hamburg, Ujerumani, mwaka wa 1897, akaitwa Hans Detlef Sierck. Wazazi wake walikuwa wenye asili ya Denmark. Alijipatia sifa kwa kuongoza michezo ya jukwaani huko Bremen na Leipzig kabla ya kuingia katika sinema mwaka wa 1934. Mkewe wa kwanza, aliyemzalia mtoto wa kiume mwaka wa 1925, aliachana naye, kisha akajiunga na chama cha Wanazi. Naye Sirk akamwoa Hilde Jary, mwigizaji Myahudi. Kwa sababu ya ndoa hiyo, mtalaka wake aliitumia sheria kumzuia asimwone mwanawe. Mtoto huyo, Klaus, akawa mwigizaji mashuhuri katika sinema za enzi hiyo. Baba akitaka kumtazama mwanawe, ilimbidi aingie ukumbini na kuketi gizani kama mtu baki.

Mwaka wa 1937 Sirk aliihama Ujerumani, na hatimaye akafika Marekani, ambako alibadili jina. Klaus aliuawa vitani upande wa mashariki mwaka wa 1944, akiwa bado kijana. Mwaka wa 1958 baba yake alitengeneza A Time to Love and a Time to Die, sinema kuhusu askari kijana wa Kijerumani anayependa na kuoa akiwa likizoni, kisha anarudi vitani Urusi na kufa. Sidhani kuna mzazi asiyeelewa ni nani aliyekuwa akiombolezwa humo.

Hata hivyo, kwangu mimi iliyo bora zaidi ni All That Heaven Allows ya mwaka wa 1955. Mjane wa kitongoji cha watu wenye uwezo anampenda mtunza bustani aliye mdogo kwake kwa umri na kwa cheo. Hakuna sheria inayowakataza. Kuna majirani, kuna klabu, na kuna wanawe wawili waliokwisha kuwa watu wazima, ambao wanaona haya kwa niaba yake. Mama anakubali kuachana na mpenzi wake. Punde wanawe wanajiandaa kwenda zao, na wanamletea zawadi ya televisheni imliwaze. Tunauona uso wake katika kioo cha chombo hicho kilichozimwa, na hapo hatuhitaji kuambiwa neno.

Naam, hapa ndipo ninapoiona hekima ya Sirk. Kule Ujerumani aliyaona mapenzi yakiharamishwa kwa sheria. Marekani aliyaona yakiharamishwa kwa swali la watu watasema nini. Mimi ninayefundisha isimu nimeliwaza sana swali hilo. Hao watu hawatajwi jina kamwe, kwa hiyo hakuna awezaye kuwaendea akawajibu.

Mwaka wa 1974 Rainer Werner Fassbinder, Mjerumani aliyemhusudu Sirk, alikisimulia kisa hicho upya. Katika sinema yake mjane wa Kijerumani, mfanyakazi wa usafi, anaolewa na kibarua kutoka Morocco, na wanawe wanamkana.

Sirk mwenyewe aliiacha Hollywood baada ya Imitation of Life ya mwaka wa 1959, akahamia Uswisi. Alifariki Lugano mwezi wa Januari 1987, Hilde akiwa bado mkewe. Ndoa iliyomnyima mwana ilidumu zaidi ya utawala ulioiharamisha.

Kazi yangu ni lugha, lakini mjane anayeulizwa na wanawe kama hana haya hahitaji mkalimani.