Louis Leakey na taya la Kanam

Louis Leakey alizaliwa Kabete, Kenya, mwaka 1903, akakua akisema Kikuyu na watoto wenzake. Ukubwani akawa mkusanyaji wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe.

Mwaka 1932, huko Kanam karibu na Ziwa Victoria, mfanyakazi wake Juma Gitau alipata kipande cha taya la binadamu. Leakey akatangaza kwamba ni la kale mno. Mwaka 1935 mwanajiolojia Percy Boswell alikwenda kuhakikisha. Leakey hakuweza kumwonyesha mahali penyewe: vigingi vya chuma vilikuwa vimeng'olewa, na picha aliyoitoa ilikuwa ya mahali pengine. Taya lilibaki, ushahidi ukapotea, na heshima yake ikashuka.

Mwaka 1959 mkewe Mary aliliona fuvu la Zinjanthropus huko Olduvai, Tanganyika. Safari hii hawakuharakisha kuchimba; walimngoja mpiga picha kwanza. Tabaka lake likapimwa: miaka milioni 1.75. Leakey alifariki London mwaka 1972.

Nasi tunaokusanya maneno ya Kibembe huku Fizi na Baraka tukumbuke: neno lisiloandikiwa msemaji wala kijiji ni taya la Kanam.