Riemann na Maumbo Yaliyo Ukingoni

Wako walimu wanaoamini kwamba hisabati ni elimu ya wenye majibu ya haraka, na kwamba mwanafunzi anayesuasua hana mahali ndani yake. Mimi, ninayelifundisha somo hilo hapa Bofu, Likoni, naona kwamba maisha ya Bernhard Riemann yanawapinga.

Riemann alizaliwa mwaka 1826 katika kijiji cha Breselenz, ambacho leo kimo nchini Ujerumani. Baba yake alikuwa mchungaji mwenye watoto sita na kipato haba. Mtoto mwenyewe alikuwa mwingi wa haya na dhaifu wa afya, na kusema mbele ya watu kulimtia hofu. Hata hivyo, mkuu wa shule yake mjini Lüneburg alimfungulia vitabu vyake mwenyewe. Alimwazima kitabu cha Legendre juu ya nadharia ya nambari, chenye kurasa zaidi ya 800, na kijana akakirudisha baada ya siku chache akiwa amekwisha kukielewa.

Mwaka 1846 alikwenda Göttingen kusomea dini. Kwa idhini ya baba yake akageukia hisabati, na mwaka 1851 akapata udaktari chini ya Gauss. Katika makala ya mwaka 1857 aliuliza: nyuso zenye idadi sawa ya matundu zaweza kutofautiana kwa njia ngapi? Akaonyesha kwamba uso wenye matundu mawili hutambulishwa kwa nambari changamano 3, wenye matatu kwa 6, na kila tundu linapozidi, nambari 3 huongezeka. Nambari hizo aliziita moduli. Tangu hapo, maumbo ya jamii moja yaliweza kuwekwa katika ramani moja, kila nukta ikiwa ni umbo zima.

Ramani hiyo, lakini, haikuwa na ukingo. Mwanafunzi na achukue mlinganyo xy = t, auchore t ikiwa 1, kisha nusu, kisha sehemu moja ya mia. Mchoro huzidi kuikaribia mihimili, na t inapofika sufuri huvunjika ukawa mistari miwili inayokatana. Ramani ya maumbo laini peke yake haina mahali pa kuliweka umbo hilo. Msafiri huifikia pwani akakosa ufuo.

Riemann hakupata umri wa kuimaliza kazi. Kifua kikuu kilimwua tarehe 20 Julai 1866 huko Selasca, Italia, akiwa na miaka 39. Ni mwaka 1969 ndipo Deligne na Mumford walipoukamilisha ukingo, kwa kuyakaribisha ndani maumbo yaliyovunjika. Hawakukaribisha kila mvunjiko. Waliweka masharti ili kila safari iwe na mwisho mmoja tu. Mwaka 1988 Kollár na Shepherd-Barron walianza kuivusha njia hiyo hadi maumbo ya vipimo vingi zaidi, ambako mivunjiko ni migumu mno kuichagua, na mwaka 2023 Kollár akatoa kitabu kizima juu ya nadharia hiyo.

Ndugu mwalimu, shule inayomwondoa mwanafunzi dhaifu ili wastani wa mtihani upendeze imechora ramani isiyo na ukingo. Hesabu yake yapendeza, lakini si kamili, na haiwezi kutuambia mafundisho yake yanaishia wapi. Wala kumpokea aliye ukingoni si kulegeza kanuni: Deligne na Mumford walipokea kwa masharti makali. Lau mkuu yule wa Lüneburg angelimpima mtoto mwenye haya kwa ulimi wake, kitabu cha Legendre kingelibaki rafuni, na neno moduli huenda tusingelipata kwake. Basi makabati ya vitabu shuleni mwetu yafunguliwe, na aanze kuazimwa yule anayeketi nyuma.