Mkwawa: Fuvu Lilipimwa, Yakini Haikupatikana

Huko Mbozi, iliyokuwa Mkoa wa Mbeya na tangu 2016 ni Songwe, kuna kimondo cha chuma kilichotoka angani. Inasemwa kina tani 16, lakini hayo ni makadirio, nayo yamekuwa yakitofautiana. Ikiwa kitu kinachoshikika kwa mkono kinatusumbua hivyo, itakuwaje kumpima mtu aliyekwisha kufa? Jibu liko Iringa, kwa Mtwa Mkwawa.

Mkwavinyika, mwana wa Munyigumba, alizaliwa Luhota mnamo 1855 hivi. Baba yake alifariki 1879, na baada ya mvutano wa urithi akashika utawala wa Wahehe. Agosti 17, 1891 majeshi yake yaliwashambulia Wajerumani Lugalo, na kamanda wao, Emil von Zelewski, akauawa. Oktoba 1894 ngome yake ya Kalenga ilianguka. Hakusalimu amri, alipigana porini karibu miaka minne. Julai 19, 1898, alipoona wamemfikia, alijipiga risasi. Wakamkata kichwa.

Mkataba wa Versailles wa 1919 uliitaka Ujerumani irudishe fuvu lake. Ikapita zaidi ya miaka 30. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda jumba la makumbusho la Bremen, akakuta mafuvu kiasi cha 2,000. Alikuwa amekwisha kupima vichwa vya jamaa wa Mkwawa, akatafuta fuvu ambalo uwiano wa upana na urefu wake ungekaribiana navyo. Akapata moja, nalo lina tundu la risasi. Juni 19, 1954 alilikabidhi Kalenga kwa mjukuu, Chifu Adam Sapi Mkwawa.

Hapo ndipo pa kutafakari. Kipimo hakikudanganya, kiliulizwa swali lisilo lake. Uwiano ule wanao watu wengi, na waliokufa kwa risasi katika vita vile hawakuwa wachache. Kipimo kilisema linafanana, sisi tukasikia ndilo. Dhana ikavikwa kanzu ya yakini.

Leo kuna vinasaba. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kuwa wamewapata Tanzania jamaa walio hai wa baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa enzi zile. Ni hatua kubwa, lakini nacho ni kipimo chenye mpaka: bila damu ya ndugu wa kulinganisha, fuvu halina jina.

Wahehe walistahili kurudishiwa mzee wao. Walistahili pia kuambiwa kipimo kiliishia wapi. Wallahu a'lam.