Maisha ya Marehemu George Lilanga, Fundi wa Mistari

Napenda kuwaeleza habari za George Lilanga, Mmakonde aliyesifika kwa kuchonga, kuchora na kuchapa picha.

Lilanga alizaliwa mwaka 1934 katika kijiji cha Kikwetu, upande wa Masasi. Alianza kuchonga mizizi ya muhogo, maana ni laini. Mkono ulipozoea ndipo akashika mpingo, mti mgumu tunaoujua hata sisi wa Rufiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikwenda Dar es Salaam. Jamaa yake, mchongaji Augustino Malaba, alimsaidia kupata kazi katika Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972. Kazi yenyewe ilikuwa ulinzi. Lakini wakubwa wa pale walipoona kazi za mikono yake, walimtia katika kundi la mafundi.

Huko alichapa picha kwa bamba la zinki. Kazi hiyo yataka subira. Bamba hupakwa nta, kisha fundi huchora juu yake kwa sindano. Likitiwa katika tindikali, dawa hula pale tu sindano ilipopita. Ndipo hupakwa wino, likapanguswa, na karatasi yenye unyevu ikakandamizwa juu yake kwa mashine. Picha hutoka imegeuka, kulia kuwa kushoto. Kwa hiyo fundi hana budi kufikiri kinyume tangu mwanzo.

Lilanga alichora mashetani wa hadithi za Kimakonde, wenye masikio makubwa na vidole vichache. Mstari wake huzunguka na kujipinda hata hujui mkono wa huyu waishia wapi na mguu wa yule waanzia wapi. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, Marekani.

Baadaye ugonjwa wa kisukari ulimpata, akakatwa miguu. Hakuacha kazi. Alichora ameketi, na wanafunzi wake wakamsaidia kupaka rangi. Alifariki Dar es Salaam mwezi wa Juni, 2005.

Wenzangu wengine huuliza picha za namna hii zina maana gani. Mimi naona tuufuate mstari kwa jicho, kama tunavyoufuata ukindu katika mkeka. Mama zetu wa Delta hawaulizwi mkeka ni sura ya nini. Twasifu jinsi ulivyosukwa. Hata mwalimu wa hesabu hutoa alama kwa njia, si kwa jibu peke yake.

Sisi wa Kidato cha Nne tu karibu na mtihani, na wengi hudhani kazi ya mikono ni ya walioshindwa masomo. Maisha ya Lilanga yakanusha neno hilo. Alianza na muhogo, akalinda mlango, akafika mbali bila kuidharau hatua hata moja. Wazazi nao, wakimwona mtoto anachora, wasimnyang'anye kalamu. Haba na haba hujaza kibaba.