Bengt Edlén na Kitendawili cha Mstari wa Kijani

Mnamo mwaka wa 1869, jua lilipopatwa huko Marekani, Charles Young na William Harkness waliona mstari wa kijani katika nuru ya korona, lile taji jeupe linalolizunguka jua. Haukulingana na elementi yoyote iliyojulikana. Wataalamu wakabuni elementi mpya, wakaiita koroniamu. Kwa miaka sabini hivi hakuna aliyeipata duniani.

Aliyekitegua kitendawili hicho ni Bengt Edlén, aliyezaliwa Gusum, Sweden, mwaka wa 1906. Katika maabara ya Uppsala alipiga cheche kali za umeme ndani ya ombwe ili kuzing'oa elektroni kutoka kwa atomi, kisha akaipima mistari ya nuru yake mmoja baada ya mwingine. Kazi ya kuchosha hiyo! Mwaka wa 1939, Mjerumani Walter Grotrian alivitumia vipimo hivyo kuihusisha mistari miwili ya korona na chuma. Edlén akaendelea kukokotoa, na kufikia mwaka wa 1943 alikuwa ameonyesha kuwa mstari wa kijani ni wa chuma hichohicho cha majembe yetu, ila kimepokonywa elektroni 13 kati ya 26.

Ajabu ni kwamba chuma hakivuliwi kiasi hicho pasipo joto la nyuzi zipatazo milioni moja, ilhali uso wa jua una nyuzi 5,500 hivi tu.

Edlén alifariki mwaka wa 1993. Mnamo 2020, huko Braunschweig, Ujerumani, watafiti walinasa ioni moja ya agoni iliyopoteza elektroni 13, wakaupima kwa leza mstari wake uonekanao pia katika korona.