Francis Walker: Mtu aliyempa jina kiwavijeshi

Mkulima wa mtama, uwele au mahindi wa Bahi, Chamwino au Kongwa anamjua kiwavijeshi. Mvua zikishaanza, kundi la viwavi weusi linaweza kumaliza shamba changa kwa siku chache. Kiwavi huyo ni mtoto wa nondo, na wanasayansi humwita nondo huyo Spodoptera exempta. Neno la pili la jina hilo lilitolewa na Mwingereza Francis Walker.

Walker alizaliwa mwaka 1809 Southgate, karibu na London. Mwaka 1848 Makumbusho ya Uingereza yalimpa kazi ya kuorodhesha wadudu waliokuwa wakiletwa huko kutoka pande zote za dunia. Aliifanya kwa miaka 25 hivi, akawapa majina wadudu zaidi ya 20,000. Orodha yake ya nondo peke yake ilitoka katika sehemu 35, kati ya mwaka 1854 na 1866.

Lakini haraka ina hasara zake. Maelezo yake yalikuwa mafupi, na mara nyingi mdudu mmoja alipewa majina mawili au zaidi. Wenzake walimlaumu vikali, na hata alipofariki mwaka 1874 tanzia moja ilimshambulia. Waliomfuata, akiwamo George Hampson katika makumbusho hayohayo, walitumia miaka mingi kulinganisha nondo mmoja mmoja na kusahihisha.

Kiwavijeshi naye alihamishwa. Walker alimweka katika kundi la Agrotis, ambamo wamo sota wanaokata miche. Baadaye akapelekwa kundi la Laphygma, kisha Spodoptera. Neno exempta halikubadilika, kwa sababu kanuni inasema mdudu anaweza kuhamishwa kundi, lakini jina lake la kwanza huheshimiwa.

Mkulima anapata nini hapo? Tangu mwaka 2017 nchi yetu ina mgeni kutoka Amerika, kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda. Ni ndugu wa yule wa zamani, ila tabia zao ni tofauti. Wa zamani hutembea kwa makundi makubwa, akila nyasi na nafaka. Vamizi hujificha ndani ya majani machanga ya mahindi. Ana alama ya Y iliyogeuzwa kichwani na madoa manne yaliyopangwa kama mraba karibu na mkia. Hata mitego ni tofauti: kila mmoja hunaswa kwa harufu ya jike wa aina yake, hivyo kivutio cha mmoja hakifai kumtegea mwingine.

Basi ukiona viwavi shambani, mwangalie mmoja vizuri kichwani na mkiani, kisha mwonyeshe afisa ugani kabla ya kununua dawa. Walker alikosea kwa haraka, na wengine wakapata muda wa kumsahihisha. Shamba changa halina muda huo.