Jaji Jones na Nasaba ya Maneno

Mzungumzaji wa Kiingereza anapotamka maneno kama mother, brother, three, name au tooth, hadhani kuwa ameshika kitu cha kale. Ni maneno ya nyumbani, ya sokoni na ya mtoto anayeanza kusema. Hata hivyo, mizizi ya maneno hayo ilikuwa ikitamkwa takriban miaka 6,000 iliyopita, kabla ya kuwapo taifa lolote la Waingereza na kabla ya maandishi kuvumbuliwa. Aliyewazindua wasomi wa Ulaya kuhusu jambo hili hakuwa profesa wa isimu, kwani taaluma hiyo ilikuwa haijazaliwa. Alikuwa jaji wa mahakama ya kikoloni, Sir William Jones.

Jones alizaliwa London tarehe 28 Septemba 1746. Baba yake, aliyeitwa pia William Jones, alikuwa mwanahisabati kutoka kisiwa cha Anglesey huko Wales, na ndiye aliyetumia kwanza, mwaka 1706, herufi ya Kigiriki pai kuwakilisha uwiano wa mzingo wa duara na kipenyo chake. Mzee huyo alifariki kabla mwanawe hajatimiza miaka mitatu, na malezi yakamwangukia mama, Mary, mwanamke aliyethamini vitabu. Kijana alisoma Harrow, kisha mwaka 1764 akajiunga na Chuo Kikuu cha Oxford. Kigiriki na Kilatini havikumtosha. Alimwajiri mtu mmoja kutoka Aleppo, Syria, amfunze Kiarabu, na baadaye akageukia Kiajemi.

Umaarufu ulimjia mapema kuliko pesa. Mfalme Christian wa Saba wa Denmark, aliyezuru Uingereza mwaka 1768, alitaka wasifu wa Nader Shah ufasiriwe kutoka Kiajemi hadi Kifaransa, na kazi ikamwangukia Jones. Tafsiri ilitoka mwaka 1770. Mwaka uliofuata alichapisha sarufi ya Kiajemi iliyosomwa sana na makarani wa Kampuni ya Uhindi ya Mashariki. Lakini sarufi haimlishi mtu, naye alichoka kuishi kwa kufundisha watoto wa mabwanyenye. Akasomea sheria na mwaka 1774 akawa wakili.

Siasa nusura zimharibie mambo. Jones aliunga mkono wakoloni wa Marekani katika ugomvi wao na mfalme, na mwaka 1782 akaandika kijitabu cha mazungumzo kati ya msomi na mkulima kuhusu haki ya raia katika serikali. Kasisi William Shipley, aliyekuja kuwa shemeji yake, alishtakiwa kwa uchochezi kwa sababu ya kukichapisha upya. Haishangazi basi kwamba kiti cha jaji huko Bengal, alichokitamani kwa miaka kadhaa, kilikawia. Alikipata Machi 1783, akatunukiwa cheo cha Sir, akamwoa Anna Maria Shipley mwezi uliofuata, na maharusi wakaabiri merikebu ya Crocodile.

Safari hiyo ilimleta karibu na ulimwengu wa Waswahili. Merikebu ilitia nanga Nzwani, katika visiwa vya Komoro, na Jones akapata nafasi ya kuzungumza Kiarabu na wakuu wa kisiwa. Baadaye aliandika makala kuhusu ziara hiyo. Kwa macho ya leo ni ajabu kumwona mtu huyo akisimama kwenye ardhi ambamo lugha ya watu, jamaa ya karibu ya Kiswahili, ni ya familia nyingine kubwa iliyosubiri mchunguzi wake, huku moyo wake ukiwa tayari Asia.

Alifika Calcutta Septemba 1783. Tarehe 15 Januari 1784 yeye na Wazungu wenzake wapatao thelathini walianzisha Chama cha Asia, ambacho kingali hai mjini humo, siku hizi Kolkata. Jones akawa rais wake hadi kufa. Ni vyema kutaja, ingawa wasifu wake wa zamani hupenda kulipita jambo hili, kwamba Wahindi waliowafundisha wanachama karibu kila walichokijua hawakukubaliwa kuingia chamani hadi mwaka 1829.

Kisanskriti hakujifunza kwa mapenzi ya isimu. Mahakamani, kesi za Wahindu za urithi na mikataba ziliamuliwa kwa kufuata sheria zao, na jaji alitegemea wanazuoni, yaani mapandita, kumweleza sheria hizo zasemaje. Jones alishuku kwamba baadhi yao walitoa fatwa kwa kumpendelea anayelipa. Mtu asiyejua lugha ya sheria ni mfungwa wa mkalimani wake. Mwaka 1785 akaanza kutafuta mwalimu. Mabrahmani hawakuwa tayari kumfunza, na hatimaye alifundishwa na Ramlochan, mtu wa tabaka la waganga. Charles Wilkins alikuwa amemtangulia miongoni mwa Waingereza katika lugha hiyo, lakini Jones alikuwa na kitu ambacho Wilkins hakuwa nacho: Kigiriki, Kilatini na Kiajemi vilikuwa tayari kichwani mwake.

Alichokiona kilimshtua. Baba kwa Kisanskriti ni pitar. Kwa Kilatini ni pater. Mama ni matar na mater. Ndugu ni bhratar na frater. Jino ni danta kwa upande mmoja na dens, dentis, kwa upande mwingine. Maneno yanaweza kukopwa, na Jones alilijua hilo. Lakini alitambua pia kwamba mizizi ya vitenzi na maumbo ya kisarufi vililingana kwa namna ambayo bahati haiwezi kuieleza. Tarehe 2 Februari 1786, katika hotuba yake ya tatu ya mwaka kwa Chama cha Asia, alitoa hoja kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini zilichipuka kutoka chimbuko moja ambalo pengine halipo tena, na kwamba lugha za Kigothi na za Kikelti, pamoja na Kiajemi cha kale, huenda ni za ukoo huohuo. Uzito wa hoja umo katika wazo la mzazi aliyekufa. Kabla yake wengi walitafuta ni ipi kati ya lugha zilizopo iliyozaa nyingine. Yeye alizifanya zote kuwa ndugu.

Hakuwa wa kwanza kuona ulinganifu huo. Padri Gaston-Laurent Coeurdoux, Mjesuiti aliyeishi Pondicherry, alikuwa amewaandikia wasomi wa Paris kuhusu jambo hilo mwaka 1767, lakini maandishi yake hayakuchapishwa hadi 1808. Isitoshe, Jones alikosea kwingi. Aliwaingiza Wamisri na hata Wachina katika ukoo huo, ilhali Kihindi, kilicho mjukuu halisi wa Kisanskriti, alikidhania kuwa na asili nyingine. Aliyaona mambo kwa jicho kali, ila mbinu ya kuyathibitisha hakuwa nayo.

Mbinu ililetwa na wengine: Rasmus Rask wa Denmark mwaka 1818, na Jacob Grimm wa Ujerumani mwaka 1822. Hao walionyesha kwamba tofauti za sauti hufuata kanuni. Penye p ya Kilatini, Kiingereza kina f: pater na father, piscis na fish. Penye t kuna th: tres na three. Penye d kuna t: decem na ten, duo na two. Msomaji wa Kenya hahitaji kwenda Ulaya kuielewa kanuni ya aina hii. Kiswahili husema kupanda na kupona. Kikikuyu husema kũhanda na kũhona. Hakuna aliyemkopa mwenziwe hapo. Sauti moja ya kale imechukua njia mbili.

Kipimo cha Jones kina manufaa pia katika mjadala wa asili ya Kiswahili. Neno sukari lilianzia katika Kisanskriti, likapitia Kiajemi na Kiarabu, likafika pwani yetu kwa biashara. Haliwezi kukifanya Kiswahili kuwa jamaa ya Kisanskriti, kama vile mamia ya maneno ya Kiarabu yasivyoweza kukifanya kuwa Kiarabu. Ngeli, viambishi na mizizi ya vitenzi vyake ndivyo ushahidi, navyo ni vya Kibantu.

Kuhusu wazungumzaji wa lugha ile iliyokufa, wataalamu wengi siku hizi huwaweka katika nyika za kaskazini ya Bahari Nyeusi. Chembe za urithi zilizochunguzwa katika mifupa ya kale tangu mwaka 2015 zimeitia nguvu rai hiyo, ingawa wapo wanaolitafuta chimbuko la awali zaidi upande wa kusini.

Jones mwenyewe aliona ugunduzi huo kuwa kazi ya kando. Mwaka 1789 alitoa tafsiri ya Shakuntala, tamthilia ya Kalidasa, iliyowavutia Wazungu wengi. Kazi aliyoipa uzito zaidi ilikuwa ya sheria: mwaka 1788 alimpendekezea Gavana Cornwallis mkusanyo mkuu wa sheria za Wahindu na Waislamu, ili jaji yeyote aweze kuusoma bila kumtegemea pandita. Hapa ndipo sifa yake inapoingia doa. Sheria iliyokuwa ikibadilika kutoka eneo hadi eneo, na kufafanuliwa na watu hai, iligandishwa vitabuni kwa faida ya mtawala mgeni. Edward Said alimtaja mwaka 1978 miongoni mwa waliotumia elimu ya Mashariki kuimiliki Mashariki. Shutuma hiyo ina haki yake, wala haifuti ukweli wa hotuba ya 1786; elimu hiyo na utawala huo vilikaa katika mtu mmoja.

Mwishoni mwa 1793 Anna Maria, aliyedhoofishwa na hali ya hewa ya Bengal, alirejea Uingereza. Jones alibaki nyuma akamilishe mkusanyo. Tafsiri yake ya sheria za Manu ilitoka mwaka 1794, na tarehe 27 Aprili mwaka huohuo akafa Calcutta kwa maradhi ya ini, akiwa na umri wa miaka 47. Alizikwa katika makaburi ya South Park Street. Mkusanyo ulioandikwa na pandita Jagannatha Tarkapanchanana ulibaki mezani, na tafsiri yake ikakamilishwa na Henry Colebrooke.